Mzigo wa Alhamisi

Watu wakimuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Mimi ni mpangaji," nao wakamuuliza amepanga nyumba ya nani. Miaka ya mwanzo alicheka nao. Ilipofika miaka tisa alikuwa hacheki tena. Alimtazama muulizaji juu hadi chini, akaamua kimoyomoyo kwamba huyu naye ni wale wale, akageukia mambo mengine.

Kazini walimwita Bi Ratiba. Kampuni yake haikuwa na kiwanda wala shamba. Ilikuwa na malori manne, mizani ya kupimia magari, ua wenye vumbi, na ofisi ya chumba kimoja ambamo feni ilizunguka kwa kulalamika. Upande mmoja walikuwapo watengenezaji wa briketi, vile vigogo vifupi vya pumba za mpunga na unga wa mbao vinavyoshindiliwa kwa mashine mpaka viwe vigumu kama tofali. Upande wa pili walikuwapo wanaovichoma badala ya kuni na mafuta mazito: kiwanda cha sabuni, tanuri la mikate, kiwanda cha kutia vitambaa rangi, boila ya mvuke ya hospitali. Katikati alikaa yeye na simu mbili, kalamu za rangi nne, na ubao mweupe uliojaza ukuta mzima. Kila asubuhi ilimpasa ajue nani ana mzigo uliokauka, nani amebakiwa na akiba ya siku ngapi, lori lipi lipite wapi ili lisirudi tupu, na nani atanyeshewa kabla hajafunika.

Kazi hiyo aliiweza kuliko yeyote aliyewahi kuifanya, na hilo ndilo lililomharibu. Mtu akikaa miaka tisa akisikiliza uongo kwenye simu, tena uongo wa kitoto usio hata na ufundi, huanza kuona dunia nzima imejaa wajinga na yeye peke yake ndiye aliyezaliwa na kichwa. Alikuwa amekwisha kuijua lugha ya wauzaji. "Iko tayari, dada," maana yake kesho. "Iko tayari kabisa," wiki ijayo. "Nakuapia iko tayari," mashine imekufa na fundi amesafiri. Wateja nao aliwaona hawana nafuu. Karani wa stoo ya sabuni alipiga simu akilia kwamba wameishiwa kabisa, huku dereva aliyetoka huko saa ileile akisema stoo imejaa mpaka mlango haufungi.

Na meneja! Meneja alipewa kiti kwa sababu ya kuvaa tai vizuri na kusema vizuri kwenye mikutano. Lori likinasa kwenye tope, yeye alisema, "Inabidi tuboreshe mnyororo wetu wa usambazaji."

"Mnyororo wa kumfunga yeye," Bi Ratiba alisema, bila kujisumbua kushusha sauti.

Lakini katika watu wote aliowadharau, hakuna aliyemfikia shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Huyo alijiita Mkurugenzi. Alikuwa mkurugenzi wa sungura, akawa mkurugenzi wa maji ya chupa, akawa mkurugenzi wa viti vya kukodisha. Sungura walikufa, chupa zilivuja, viti vilivunjika miguu. Cheo kilibaki. Alitembea na simu mbili, moja imekufa tangu enzi za sungura, na viatu vyenye ncha kali utadhani anataka kumchoma mtu.

Jumapili moja mama yao aliwaita wote nyumbani. Bi Ratiba alipoingia sebuleni akamkuta Mkurugenzi amejitandaza kwenye kochi, meno thelathini na mawili nje, na hapo hapo akajua kuna jambo.

"Shemeji," Mkurugenzi alisema, "safari hii nimeingia kwenye nishati."

"Umeingia, au unapita tu?"

Mdogo wake akainamisha kichwa. Mama akakohoa kile kikohozi chake kisicho na mafua.

Mkurugenzi alikuwa amepata mashine ya kushindilia briketi, kaiweka kwenye banda nyuma ya kiwanda cha mbao, na sasa alitaka nafasi kwenye ule ubao. Bi Ratiba akabenua midomo. Akasema wauzaji anao wanane, na hao wanane wanamtosha kumtia wazimu.

"Wageni unawapa kazi," mama akasema, "wa nyumbani unamfungia mlango. Watu watasema nini?"

"Watasema nina akili, mama."

Mama hakubisha. Alingoja mpaka Mkurugenzi alipotoka uani kupokea simu, ile nzima, ndipo akasema taratibu, "Simwombei yeye, mwanangu. Namwombea mdogo wako."

Bi Ratiba akasema atakwenda kuupima mzigo wake kwanza. Jumanne akaenda bandani kwa Mkurugenzi na kipima unyevu chake, kidude chenye meno mawili ambacho ukikichomeka kwenye briketi kinakuonyesha namba. Kumi na mbili kushuka, mzigo ni mkavu; kupanda, ni matatizo. Kilionyesha kumi na moja. Akarudia mara tano, akitafuta kosa. Kumi na moja, kumi, kumi na moja. Akamwandikia Alhamisi: tani tano kila wiki, kwenda kwenye sabuni.

Alhamisi ya kwanza ikapita salama. Ya pili nayo. Ukweli ni kwamba jambo hilo lilimuudhi. Hakupenda kukosea juu ya mtu, hasa mtu yule.

Alhamisi ya tatu ilitanguliwa na siku mbili za mvua. Saa tatu asubuhi lori likaingia uani, na kabla halijazima injini Bi Ratiba alikwisha kuona kasoro. Turubai lilikuwa limefunika nusu ya mbele tu, kama mtu aliyevaa shati bila suruali. Akapanda ubavuni, akachomeka kipima unyevu. Ishirini na nne. Akachimba katikati ya mzigo, akachomeka tena. Ishirini na sita. Akashuka, akapiga simu palepale.

"Shemeji, huu mzigo umelowa."

"Umande tu huo, shemeji."

"Umande gani unafika katikati ya lori?"

"Aah, wewe nawe! Uchanganye na mwingine, hautajulikana."

Akamkatia simu, akasonya mpaka walinzi wa getini wakageuka. Kilichopasa kufanywa hapo kila mtu uani alikijua: mzigo ungerudi ulikotoka, lingeandikwa neno "umekataliwa", na mambo yangeisha. Lakini Bi Ratiba aliingia ofisini, akasimama mbele ya ubao, na akaiona Jumapili yake ijayo ilivyokaa. Aliona kikohozi cha mama. Aliona macho ya mdogo wake. Akaona bora atafute njia, maana njia za watu wengine alikuwa akizitafuta kila siku.

Sabuni haikufaa. Injinia wao alipima kila kigunia kama anayetafuta dhahabu, na lori lingerudi kabla ya saa sita na barua juu yake. Mikate haikufaa, mwenye tanuri alikuwa na mdomo. Lakini uani palikuwa na mzigo mwingine, mkavu kabisa, wa mama mmoja mjane aliyekuwa hadanganyi kwa sababu, Bi Ratiba alivyomwona, hakuwa na akili ya kudanganya. Mzigo huo ulikuwa wa hospitali. Na hospitali hakuna aliyepima. Kulikuwa na mzee mmoja wa boila ambaye katika miaka yote tisa hakuwahi kupiga simu hata mara moja. Na mtu asiyepiga simu, kwa Bi Ratiba, hakuwa mtu. Alikuwa mahali pa kushushia.

Akafuta mistari miwili, akaibadilisha: mkavu wa mjane uende kwenye sabuni, uliolowa uende hospitali. Haikuchukua muda wa kupiga chafya.

Dereva, aliyeitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, alisoma karatasi yake mara mbili.

"Dada, wa hospitali si ndio ule mkavu?"

"Wewe endesha. Kupanga niachie mimi."

"Mzee wa watu atauchomaje huu?"

"Atauchanganya. Ana akiba ya siku mbili."

Namba hiyo aliisoma ubaoni. Ilikuwa imeandikwa siku tatu nyuma, na hakuwa amepiga simu kuihakikisha. Kumpigia wa nini, mtu halalamiki?

Ijumaa ikawa kimya. Jumamosi kimya. Bi Ratiba akajipongeza. Wajinga, alijiambia, wangelikuza jambo dogo kama hili mpaka liwe kesi.

Jumatatu saa nne, mlango wa ofisi ukafunguliwa bila kubishwa. Aliyeingia alikuwa mzee mfupi, ovaroli lake limefuliwa hadi rangi ikatoroka, nyusi zimeungua nchani. Mkononi alishika mfuko wa plastiki.

"Ndiye wewe unayepanga?"

"Ndiye mimi. Karibu, mzee, kaa."

"Sikai."

Akatoa briketi moja mfukoni, akaiweka juu ya meza, juu ya karatasi zake safi, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikabonyea. Akaibonyeza tena, ikaporomoka kama uji uliopoa, na harufu ya ukungu ikapanda.

Akaeleza, bila kupaza sauti. Akiba yake iliisha Jumatano. Alhamisi alipoletewa ule mzigo alidhani juu ndiko kumelowa, akachimba, akakuta chini ni vilevile. Akawasha. Boila ikajaa moshi na mvuke haukupanda. Siku mbili shuka za wodi hazikufuliwa. Vyombo vya upasuaji havikuchemshwa. Kina mama wawili waliokuwa wameshinda bila kula wakisubiri kuingia chumba cha upasuaji waliambiwa warudi nyumbani, waje wiki nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa akizipanga briketi moja moja juu ya bomba la moto zikauke, kama mtu anayeanika dagaa.

"Muuzaji alitudanganya, mzee," Bi Ratiba akasema. "Unajua mvua hii... wauzaji hawafuniki, halafu..."

Mzee akamsikiliza hadi mwisho. Hakumkatiza hata kidogo.

"Haya," akasema.

Lilikuwa neno moja tu, lakini Bi Ratiba aliisikia ile sauti na masikio yakamchemka. Aliijua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile anayoitoa kwenye simu mtu akimwambia iko tayari kabisa. Siku hiyo ndipo alipoisikia kwa mara ya kwanza ikija upande wake.

"Miaka tisa umeniletea mkavu," mzee akaendelea, "nami sikupiga simu kwa kuwa hapakuwa na la kusema. Kumbe wewe ukaniona jaa."

"Mzee, nani kakwambia..."

"Hakuna aliyeniambia. Dereva wako alishindwa kunitazama, basi. Nilitaka tu nikuone sura." Akamtazama kidogo, kama anayehakikisha ameikariri, akatoka. Ile briketi aliiacha pale mezani.

Mchana barua ya hospitali ikafika, na meneja akamwita. Alikuwa amelegeza tai, jambo alilolifanya penye hatari kubwa tu.

"Nimepata suluhisho," meneja akasema. "Tunaandika kwamba dereva alichanganya mizigo. Huyu Kofia ana mkataba wa miezi mitatu tu. Tunamwachisha, wanaridhika, tunaendelea."

Bi Ratiba akamtazama. Alikuwa amemdharau mtu huyu kwa miaka, lakini kumbe bado kulikuwa na ghorofa za chini hajazishuka. Mtu mzima, mwenye watoto, anakaa kwenye kiti cha magurudumu na kuchagua nani wa kumtupia taka, na anamchagua yule asiye na simu ya kumpigia mtu yeyote! Neno kali likamjia mdomoni. Likakwama hapohapo, kwa sababu alikumbuka nani aliyefuta ile mistari miwili Alhamisi. Meneja alikuwa akifanya kwa kalamu alichofanya yeye kwa kifutio. Akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo karatasi," akasema.

Akaandika amesimama. Kwamba mzigo aliuona, akaupima, akajua umelowa, na akauelekeza hospitali kwa makusudi. Kwamba dereva aliuliza akaambiwa aendeshe. Akatia sahihi.

"Unajimaliza," meneja akamwambia kwa mnong'ono.

"Najimaliza mwenyewe. Sihitaji msaada wako."

Hakufukuzwa. Walimwondoa kwenye ubao wakampeleka kwenye mizani, juani, kwenye kibanda cha bati ambamo ukiegemea ukuta unaungua bega. Ubao akauchukua meneja mwenyewe. Wiki ya kwanza tu alituma malori mawili kwa muuzaji mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja kwa mwenye mikate. Bi Ratiba aliyatazama yakirudi matupu yakifuatana kama bata, akayapima, akaandika sifuri, na raha aliyoipata hapo hakumwambia mtu.

Mkurugenzi aliondolewa kwenye orodha, na Jumapili akaja kwa mama amevimba.

"Umenichafulia jina, shemeji."

"Jina lipi? La sungura au la maji ya chupa?"

"Familia haifanyiani hivi!"

"Nikuulize kitu kimoja. Mvua haiwezi kufika katikati ya tani tano. Ulimwaga maji mwenyewe ili uzito uongezeke. Kweli au si kweli?"

Mkurugenzi akaitoa mfukoni ile simu iliyokufa, akaanza kuisoma. Mama akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. Bi Ratiba akaona ameshinda, akageuka kumtazama mdogo wake ili washinde pamoja. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama, machozi yanamtoka.

"Wewe hujali shuka za hospitali wala nini," alisema. "Unafurahi tu kwamba ulikuwa sahihi. Unatudharau sote, tangu zamani. Hata mimi. Unadhani sikuoni unavyonitazama nikiwa nimekaa naye?"

Neno hilo lilikuwa kweli, na Bi Ratiba alishangaa kwamba lilikuwa limeonekana siku zote hizo. Mdogo wake akatoka na mumewe, wala hakusema naye tena. Bi Ratiba alimpigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Akamtumia salamu kupitia kwa mama, mama akarudi mikono mitupu.

Baada ya wiki sita wateja walimchosha meneja kwa simu, wakimtaka yule mwanamke mwenye mdomo mchafu arudi kwenye ubao. Akarudi. Mzigo wa kwanza wa hospitali alioupanga aliusindikiza mwenyewe, amekaa mbele na Kofia, ambaye njia nzima alipiga mluzi asimwulize kitu.

Chumba cha boila hakuwahi kukiona. Kilikuwa chini, unashuka ngazi tisa, joto linakupiga usoni kama kofi. Sakafu ilikuwa imefagiwa safi kuliko ofisi ya meneja. Majembe matatu yalitundikwa kwa mpangilio wa ukubwa, na ukutani palikuwa na mistari ya chaki, mstari mmoja kwa kila siku ya akiba. Mzee alitwaa briketi moja, akaivunja, ikalia kwa mlio mkavu. Akainusa, akatia sahihi karatasi.

"Mzee," Bi Ratiba akasema, "nimekuja kukuomba radhi."

"Wewe umechelewa," mzee akajibu. "Mzigo ndio umewahi. Shusheni."

Hakuna zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo Bi Ratiba alimpigia kila Jumanne kumuuliza akiba. Mzee hakumsalimu hata siku moja. "Tatu," alisema, au "mbili na nusu," halafu akakata. Bi Ratiba aliandika namba ubaoni na tarehe pembeni. Mtu mwingine angemkatia simu hivyo, angemlaani hadi jioni.

Mwezi wa nne tangu ugomvi ule, mdogo wake alikuja mwenyewe nyumbani kwake, mchana, bila taarifa. Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Wakazungumza habari za mama, magoti yake, paa linalovuja. Kisha mdogo wake akasema, akitazama sakafu, "Ameuza ile mashine."

"Ehe."

"Sasa ni mkurugenzi wa nyuki. Amenunua mizinga minane, ameipanga kule nyuma ya nyumba. Mwezi umepita, hajaingia hata nyuki mmoja."

Bi Ratiba akabana midomo. Akatazama dirishani. Akajikumbusha yote aliyojiapia kuhusu mdomo wake katika miezi minne ile. Akahesabu hadi tano.

"Kumbe nyuki wana akili," akasema.

Mdogo wake akaanza kutikisika mabega, na Bi Ratiba akaogopa amemliza tena, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Lakini ni mume wangu," akasema alipopata pumzi.

"Najua. Ndiyo maana nimewasifu nyuki tu, wala sikumtaja mtu."

Akainuka kwenda kuchemsha maji ya chai, na mdogo wake akamfuata jikoni.